Mkanda Niliobadilisha Mwenyewe Nyumbani

Aibu yenyewe nimeshaizoea, kwa hiyo naomba niisimulie mwenyewe, maana hapa mtaani Kabondo kila mtu ana namna yake ya kuieleza na kuna wanaosema nililia (sikulia, ule ulikuwa mvuke wa radieta). Ukweli ni kwamba Jumapili moja asubuhi, mbele ya baba wa msichana niliyetaka kumuoa, mbele ya askari wa barabarani na mbele ya nusu ya Kisangani iliyokuwa njiani kwenda kanisani, nilijitangaza mhalifu kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nikitabasamu. Na yote hayo yalitokana na mkanda wa injini ambao ningeweza kabisa kumwachia fundi.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni waungwana, Waislamu wa zamani wa mji huu, na Kiswahili ndicho tunachoamkia, lakini nikiwa kijana nilipelekwa Kigoma kwa shangazi, nikakaa huko miaka saba, na niliporudi nilirudi na maradhi mawili, kupenda dagaa na kusahihisha watu. Mtu akisema "mutoto", mimi nasema "mtoto". Mteja akisema "shati yangu iko tayari?", namjibu "shati lako liko tayari", na ninalivuta lile "li" ili alisikie vizuri. Dada yangu aliniita Mutanzania mpaka akachoka. Béa peke yake ndiye aliyekuwa anacheka bila kununa (ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea watu wasumbufu), na nadhani hapo ndipo nilipompendea.

Sasa Béa ni mtoto wa watu wa mto, watu wa Basoko, na nyumbani kwao Lingala inatangulia, Kiswahili kinafuata nyuma. Baba yake, Papa Boniface, alifanya kazi bandarini maisha yake yote, kukagua karatasi za zile mashua kubwa za mbao zinazoshuka na kupanda mto, na wanasema alikuwa anaweza kuijua karatasi ya uongo hata kabla mwenye nayo hajaikunjua. Hakuwahi kupokea chochote cha mtu. Uongo ulikuwa unamuumiza mwilini kabisa, kama jino bovu. Suala la dini tulikuwa tumeshalizungumza (kila mtu atabaki na yake), kilichobaki ni yeye kuniona kwa macho.

"Papa anataka kwanza kuona wewe uko mutu ya namna gani," Béa aliniambia. "Akikuona muzuri, utaleta familia. Akikuona mubaya, Saidi, hata mimi sitaweza kitu."

Siku ya kuonwa ikapangwa kuwa ile Jumapili. Mjukuu wa Papa Boniface alikuwa anabatizwa kanisani Mangobo, na mimi, kwa kujipendekeza, nikasema nitawapeleka kwa gari. Gari lenyewe ni la mjomba wangu, Tonton Rajabu, na aliponipa ufunguo siku ya Jumamosi alinipa na sharti moja tu, kwamba mkanda wa injini umechakaa, nipitie kwa fundi Léon aubadilishe, nisiende popote kabla. Nikapitia. Fundi Léon alikuwa ameenda matangani Yanonge, atarudi Jumatatu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetafuta fundi mwingine, wapo wengi, kila kona. Mimi nikasimama pale mbele ya gereji iliyofungwa nikajiuliza, mkanda tu? Mimi, niliyebadilisha mikanda ya cherehani mara ngapi sijui, nimtafute mtu wa kunibadilishia mkanda? Nikaenda soko kuu, nikanunua mkanda mpya, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kwa asiyejua, mkanda huo ni mpira mweusi mrefu, upande mmoja laini, upande wa pili una mifereji, na unazunguka kwenye magurudumu ya chuma yaliyo mbele ya injini ili pampu ya maji, dinamo na usukani vifanye kazi. Cherehani yangu ya kukanyaga ina magurudumu mawili, moja juu, moja chini, huwezi kukosea hata ukiwa na usingizi. Injini ile ilikuwa na sita. Jumapili baada ya swala ya alfajiri nilifungua boneti, nikalegeza kile kigurudumu cha kukaza, nikauvuta mkanda wa zamani ukatoka kwa dakika tano, na sikuchora, sikupiga picha, simu ikiwa mfukoni mwangu muda wote. Basi nikaanza kuuvalisha ule mpya. Nikajaribu njia ya kwanza, ukaingia. Nikaona ya pili, nayo ukaingia. Ya tatu vilevile. Nikachagua iliyopendeza macho, kama ninavyochagua kola. Mfereji mmoja ulibaki unaning'inia nje ya gurudumu (niliuona, naapa niliuona), nikasema utajiweka sawa wenyewe ukizunguka. Nikawasha. Injini ikanguruma, ikatoa kamlio kembamba, nikasema mpira mpya huo, utazoea. Nikanawa, nikavaa suti niliyojishonea, nikaenda kwa wakwe.

Nyumbani kwa Papa Boniface, kule Tshopo, walikuwa wameshavaa, wananingoja na chai na beignets, maandazi yetu. Nikasalimia vizuri, nikakaa vizuri, kila kitu vizuri. Mama Béa akaniongezea sukari bila kuniuliza, nikaiona ni dalili njema. Papa Boniface alikuwa na suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, akanitazama muda mrefu kisha akaniuliza swali la kawaida kabisa la mtu anayetaka kupanda gari la watu.

"Bon, mon fils. Motokari iko bien? Tutafika?"

"Tutafika, Papa, usiwe na wasiwasi," nikasema kwa Kiswahili changu cha Kigoma, tena kile cha sikukuu. "Mkanda ulikuwa umechakaa, lakini leo asubuhi nimeubadilisha."

"Mukanda? Ya motokari?" Akasogeza kikombe. "Ulibadilishia wapi? Bureau iko fermé leo."

Nikajua anatania, ofisi kufungwa na mkanda wapi na wapi. Nikacheka. "Bureau ya nini, Papa? Nimebadilisha mwenyewe, nyumbani, chini ya mti wa parachichi."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Papa. Mimi ni mtu wa mikono. Kitu nikikiona mara moja tu, nakiiga."

Mama Béa aliacha kutafuna. Mimi niliona kama heshima ile, nikaendelea. Papa Boniface akauliza kwa sauti ya chini sana ule wa zamani ulikuwa na tatizo gani, nikamweleza kwamba ulikuwa umechanika pembeni na namba zake zimefutika, hazisomeki tena, hata ukikagua kwa miwani (nilisema hivyo, "ukikagua", kwa sababu najua kazi yake na nilitaka aone kwamba nayaheshimu mambo yake).

"Na hii ya mpya, ulitosha wapi? Ulipata kwa nani?"

"Soko kuu. Kuna jamaa yangu anayo ya gari ya kila aina. Si orijino, Papa, sitakudanganya, lakini ukiiweka pamoja na orijino, hutaona tofauti."

"Tonton yako anajua?"

"Hajui. Nataka nimshangaze."

Béa alikuwa chumbani anajipaka mafuta, laiti angekuwepo. Na mimi nikaona niongeze ukarimu, nikasema, "Hata kama Papa ana ndugu mwenye gari lenye shida hiyo, amlete tu kwangu. Nusu saa nammalizia, wala sitaki merci."

Papa Boniface akainuka, akafunga vifungo vya koti, akamwita binti yake tuondoke. Nikasema moyoni, Saidi, leo umeua.

Garini Papa alikaa mbele pamoja nami, Mama Béa na Béa nyuma. Tulipovuka barabara kubwa, Papa akasema bila kugeuza shingo, "Nionyeshe hii mukanda."

"Sasa hivi haiwezekani, Papa," nikamjibu kwa upole. "Tukifika nitakuonyesha. Sasa hivi ni hatari, watu wengi wameumia kwa kuushikashika."

Akanigeukia taratibu, akanitazama kama mtu anayetishiwa. Nyuma Mama Béa akaanza kusali Salamu Maria kwa Lingala, nami nikaona ni jambo zuri, familia ya watu wa Mungu, wanaingia kwenye hali ya ubatizo mapema. Kale kamlio ka injini kalikuwa kameshakuwa mlio. Nikafungua redio.

Kwenye rond-point moja, mzunguko wa barabara ulio katikati ya mji, askari wa barabarani, wale tunaowaita roulage, walikuwa wanasimamisha magari, kazi yao ya kila siku. Mmoja wao akanipungia mkono, nikaegesha, injini ikiwa inanguruma, na kabla sijafungua kioo Papa Boniface alikuwa ameshafungua mlango na kushuka. Mzee mzima, suti ya kijivu, kalamu mbili, akasimama katikati ya watu waliovaa nguo za Jumapili, na toleka (teksi zetu za baiskeli) zikapunguza mwendo kutazama.

"Chef," akamwambia yule askari, na mzee yule ana sauti ya kuita mashua ng'ambo ya mto, "mbele wewe uulize, mimi nasema. Mimi, bibi yangu na mutoto yangu, hatuko ndani ya mambo ya huyu kijana. Yeye mwenyewe alisema na kinywa yake, kwa meza yangu, kama mukanda ya hii motokari alibadilisha yeye mwenyewe. Kwake. Nyumbani."

Askari akanitazama. "Iko kweli?"

Na mimi, nisiyejua chochote, nikashuka nikajibu kwa fahari, "Kweli kabisa, chef. Leo asubuhi. Kuna kosa gani? Kila mtu angeweza kujifanyia kama angejaribu."

"Eeeeh!" watu wakasema kwa pamoja.

Mwendesha toleka mmoja akashuka kabisa kwenye baiskeli. Askari akaomba karatasi za gari, nikampa, na sasa sikilizeni, karatasi zile zilikuwa za kweli, Tonton Rajabu anazitunza ndani ya plastiki kama vyeti vya ndoa. Askari akazigeuza, akazipima juani, akapitisha kidole kwenye muhuri, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Papa, kuja uone. Muhuri iko propre. Trop propre, safi kupita. Huyu mutu iko na mikono!"

Papa Boniface akazitazama kwa mbali, mikono nyuma, hakutaka hata kuzigusa. "Hata mimi hii ingenipita," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, na huzuni ile ndiyo iliyonitisha kuliko bunduki yoyote. "Na mikanda yote iko hivi, chef. Alisema ukiweka na ya kweli, hautaona différence."

Mikanda. Alisema mikanda, na askari akawa amezishika karatasi.

Jamani, mimi ni mzaliwa wa Kisangani. Najua, na nilijua siku zote, kwamba hapa kwetu mukanda ni karatasi. Ni barua, ni hati, ni cheti, ni lile neno la Lingala ambalo kila mtu analo mdomoni, mokanda, na mikanda ya gari ni zile nyaraka zake anazotaka roulage. Kile cha kufunga suruali, cha kuzungusha cherehani, cha injini, kinaitwa mukaba. Mukaba! Bibi yangu alisema mukaba, mama yangu alisema mukaba, wateja wangu wananiletea suruali kila siku wakitaka nafasi ya mukaba, na mimi nawasahihisha: mkanda. Nikaanza kurudia kichwani maneno yote niliyosema mezani, moja baada ya jingine. Namba zimefutika. Jamaa yangu soko kuu. Tonton hajui. Watu wameumia kwa kuushikashika. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

"Papa, hapana," nikasema, "mimi nilimaanisha mkanda, yaani, mukaba! Mukaba ya moteur!" (Kiswahili cha Kigoma kilikimbia chenyewe, sikukifukuza.)

"Sasa anageuza," mtu akasema kwenye umati.

"Saidi, ulisema nini na Papa?" Béa alikuwa ameshuka, macho yamejaa machozi, na sijui kama nimewahi kujisikia mdogo kiasi kile. Nilikuwa namuona anaondoka maishani mwangu pale pale, kwa sababu ya silabi moja. Nikasema tena mukaba, nikasema kwa Kifaransa, courroie, nikachora duara hewani kwa vidole viwili. Askari akanikunjia uso. "Monsieur, mutu wa kweli hazungushi mikono hivyo."

Na hapo injini ikanijibia. Ililia mlio mrefu, ikapiga kitu ndani, pa! pa! pa!, ikazima, na mvuke ukatoka chini ya boneti mweupe kama wa sufuria ya mihogo. Watu wakatawanyika, wengine wakicheka, Mama Béa akachomoka kwenye kiti cha nyuma na mkoba wake kichwani. Mimi nilikimbilia boneti. Nikaifungua kwa koti la suti yangu, nikajiunguza kidole kidogo, nikaingiza mkono mle ndani ya joto na nikautoa, au tuseme nilitoa kilichobaki, uzi mrefu mweusi uliochanika chanika, na vipande vingine vimejisokota kwenye magurudumu. Nikauinua juu.

"Hii! Hii njo nilibadilisha!" (Hata "ndiyo" ilinikimbia.)

Watu wakasogea kutazama. Kisha yule mwendesha toleka akaniambia kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, "Papa, hii haiko mukanda. Hii iko mukaba."

"Mukaba!" wakaitikia wengine. "Alitaka kusema mukaba! Mutanzania huyu!" Na kicheko kikaanza kutoka kwa akina mama wauza ndizi, kikapita kwa toleka, kikamfikia askari, ambaye alinirudishia karatasi kwa mikono miwili huku mabega yakimtetemeka, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema jambo lolote la maana kwa muda.

Papa Boniface hakucheka. Alitoa miwani, akaivaa, akachukua kile kipande mkononi mwangu, akakigeuza, akasoma namba zake zote. Akakinusa. Kisha akainama juu ya injini (Mama Béa akampigia kelele za suti), akaanza kufuata yale magurudumu kwa kalamu, moja, la pili, la tatu, kama alivyokuwa akifuata mistari ya karatasi za mashua, na alipofika kwenye pampu ya maji akasimama.

"Hii ilikuwa inazunguka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Yote iko kinyume," akasema. "Pampu ilikuwa inarudisha maji nyuma. Na hapa mukaba ilikuwa inje. Hukuona?"

Ningeweza kusema sikuona. Kidole kilikuwa kinaniuma, suti imeharibika, Béa ananitazama, watu wote wananitazama. "Niliona, Papa," nikasema. "Nilijifanya sijaona."

Akanitazama juu ya miwani muda mrefu kuliko ule wa mezani. Kisha akamgeukia askari, akazungumza taratibu kama anayesoma ripoti.

"Chef, andika kama unataka. Mutu anashindwa kupitisha mukaba kwa magurudumu sita, hawezi kufanya muhuri ya uongo. Hana hiyo mikono. Na hata uongo, umeona, haijui. Huyu iko innocent kabisa."

Basi hivyo ndivyo nilivyosafishwa jina langu, kwa kutangazwa mbele ya mji mzima kwamba sina uwezo hata wa kuwa mwizi. Misa ilikuwa imekaribia kuanza, gari halikuweza kwenda hata hatua moja, kwa hiyo Papa Boniface akaita toleka tatu. Akamsaidia Mama Béa kupanda ya kwanza. Béa alipanda ya pili, akiwa amejiziba mdomo na kitambaa, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akaninong'oneza kitu ambacho sikukisikia. Mzee akapanda ya mwisho, akakaa upande upande na suti yake ya kijivu, magoti pamoja, mkono mmoja begani kwa mwendeshaji, na walipoanza kusukuma akageuza kichwa akanipigia kelele:

"Na siku ya kuleta familia, mukuje na toleka! Sitaki kuona hii motokari kwangu!"

Nikasema "Ndiyo, Papa" kwa unyonge, nikageuka kuitazama injini na ule mvuke wake, nikiwaza nitamwambia nini Tonton Rajabu. Walikuwa wameshakata kona ndipo neno lile liliponifikia. Siku ya kuleta familia! Alisema iko siku. Nikakaa chini pale pale, kwenye ukingo wa barabara, kipande cha mpira mkononi, na sasa naweza kukiri, hapo ndipo nilipolia kidogo.

Siku ilipofika tulienda na toleka, watu tisa, baiskeli tisa, Tonton Rajabu ameshika kanzu yake juu ya magoti isiingie kwenye mnyororo, ananilaani kutoka Kabondo mpaka Tshopo. Injini siigusi tena, nimeapa, hata kuongeza maji namwita fundi Léon. Na wateja wangu waseme wanavyotaka. Juzi mmoja ameniuliza shati yake iko tayari, nikamwambia iko, Papa, iko tayari.